Kilo Tisa Mgongoni: Siku Saba za Kujitegemea katika Jangwa la Atacama

Kwa miaka 11 kazi yangu mjini Moshi imekuwa kupima mizigo. Ninatunza stoo ya kampuni ndogo inayopandisha wageni Mlima Kilimanjaro, na alfajiri ya kila safari huwa nimesimama kando ya mizani ya kuning'iniza, daftari mkononi, wagumu wakipita mmoja mmoja na magunia yao ya mahema, viti, mitungi ya gesi, trei za mayai, viazi na nyanya. Wagumu ni jina ambalo wapagazi wa mlimani hujiita wenyewe, na atakayelisikia hatahitaji kuelezwa sababu. Mzigo wa kampuni anaobeba mtu mmoja hautakiwi kuzidi kilo 20, na mimi ndiye ninayelazimika kusema "toa" mshale unapopita hapo. Mgeni mwenyewe hupanda na kijibegi chenye koti la mvua, chupa za maji na kamera, ilhali nyuma yake wapo watu watatu au wanne waliobeba yote yaliyosalia.

Naanza na mizani kwa sababu bila hiyo haitaeleweka kwa nini mimi, niliyekimbia na kutembea kilomita 250 katika jangwa la Atacama kule kaskazini mwa Chile, ninakumbuka uzito kuliko umbali.

Mbio zenyewe huitwa Atacama Crossing. Zilianza mwaka 2004 na ni mojawapo ya mfululizo wa mbio za majangwa manne unaoendeshwa na RacingThePlanet, kampuni iliyoasisiwa na Mary Gadams mwaka 2002. Ryan Sandes wa Afrika Kusini alikuwa mtu wa kwanza kushinda zote nne, akikamilisha hesabu hiyo mwaka 2010, na nilipokuwa nikijifua niliona fahari ndogo kwamba jina la kwanza katika orodha hiyo lilitoka bara letu. Mkimbiaji hupewa siku saba na hatua sita: nne za mwanzo ni za urefu wa marathoni moja au pungufu kidogo, ya tano inakaribia kilomita 80 na huweza kukesha hadi asubuhi, na ya mwisho ni fupi, ya kuingilia mjini. Waandaaji hutoa maji, sehemu katika hema, maji ya moto kambini na madaktari. Chakula cha wiki nzima, mfuko wa kulalia, nguo, dawa za miguu, taa mbili, filimbi, kisu, dira na kila kitu kingine unakibeba mwenyewe tangu mstari wa kuanzia, na ukisahau kijiko utakula kwa vidole mpaka siku ya saba.

Nilipomweleza baba mkubwa habari hizi alikuwa ameketi barazani akimenya ndizi. Yeye alibeba mizigo mlimani tangu ujana wake, enzi ambazo hakuna aliyepima chochote, na shingo yake bado imepinda kidogo upande wa kushoto.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unakwenda kubeba mzigo Amerika."

"Amerika ya Kusini, baba. Ni mbio, ila kila mtu anabeba vyake."

"Wanakulipa shilingi ngapi kwa siku?"

"Mimi ndiye ninayelipa. Kiingilio ni zaidi ya dola 3,500."

Aliacha kumenya, akanitazama kwa muda kana kwamba nimemletea taarifa ya msiba, kisha akacheka mpaka akakohoa. Sikumweleza kwamba kiingilio kililipwa na mgeni wetu mmoja wa zamani aliyeniona nikikimbia barabara ya Marangu na gunia la mchanga mgongoni, na kwamba nauli ilitoka kwenye kikoba chetu cha akina mama, ambacho bado ninakirejeshea.

Watu wa mbio hizi wana neno lao wanalolipenda, ambalo kwa Kiswahili ni moja tu: kujitegemea. Kwa Mtanzania wa rika langu neno hilo haliji peke yake. Linakuja na Azimio la Arusha la 1967, na bustani za mchicha za shule ya msingi, na jembe lililokuwa refu kuliko mimi. Tulifundishwa kwamba kujitegemea ni jambo la kijiji kizima, kwamba mtu mmoja hawezi kujitegemea kama vile mkono mmoja usivyoweza kujinawisha. Huku jangwani neno lilelile lilikuwa limegeuzwa kuwa sifa ya mtu binafsi, na nilisafiri nikitaka kujua kama linatosha mwili wake mpya.

Maandalizi yangu makubwa yalifanyika jikoni. Kanuni zinadai kila mshiriki aanze na chakula kisichopungua kalori 14,000, yaani 2,000 kwa siku, na wakaguzi huhesabu kweli. Hapo ndipo mazoea ya stoo yaliponifaa. Gramu moja ya unga wa sembe ina kalori pungufu ya 4. Gramu ya karanga inakaribia 6. Gramu ya mafuta ya nazi inakaribia 9. Aliyebeba unga mtupu atabeba karibu kilo nne za chakula, na aliyechanganya kwa akili atabeba tatu. Kilo moja ni ndogo ukiwa umesimama. Hata hivyo unga mbichi haufai, kwa kuwa kambini unapewa maji ya moto na hakuna kupika, na uji usioiva unajulikana unachofanya tumboni. Nikapika uji mzito wa ulezi na mahindi, nikautandaza kwenye sinia, nikauanika juani siku mbili mpaka ukawa kama vigae, nikausaga upya. Unga ule ukimiminiwa maji ya moto na kufunikwa dakika kumi unarudi kuwa uji wa kuaminika. Nikaongeza kashata za karanga, korosho za kukaanga, tambi zilizochemshwa na kukaushwa, na chumvi nyingi. Dagaa niliwaacha, nusu kwa kuwaogopa wakaguzi wa uwanja wa ndege, ambao Chile wana ukali wa pekee kuhusu vyakula, na nusu kwa kuwaonea huruma wenzangu wa hemani. Kichupa cha asali nilikisahau mfukoni mwa begi. Nilikitaja kwenye fomu, nikatazama kikiingia pipani.

Begi lilisoma kilo 8.9 bila maji. Ukiweka maji ya kutoka kituo hadi kituo, ambavyo hupishana kwa takribani kilomita 10, unapita 10 kwa urahisi.

Ukishuka Calama unasafiri takribani kilomita 100 kwa barabara hadi San Pedro de Atacama, mji mdogo wa nyumba za udongo uliopo mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Ni mwinuko uleule wa Iten kule Kenya, mahali ambapo wakimbiaji wa dunia nzima huenda kutafuta mapafu. Tofauti inaanzia puani. Iten kuna umande, majani na matope mekundu. San Pedro hewa inakausha kope. Milima ya Andes inazuia unyevu wa upande wa Amazonia, mkondo baridi wa Humboldt unaipoza hewa ya baharini isiweze kupanda na kuwa mawingu ya mvua, na mgandamizo mkubwa wa hewa juu ya Pasifiki unakandamiza kinachobaki. Kwa hiyo jasho halionekani. Unalihisi kama ukoga wa chumvi kwenye nyusi, na usipokunywa kwa saa utajikuta mkavu kabla hujaona kiu.

Mashariki ya mji anasimama Licancabur, volkano yenye umbo la pia iliyopinduliwa, urefu wake mita 5,916. Nilipiga hesabu mara moja, kama Mchagga yeyote angefanya: umeipita Kibo kwa mita 21. Nilikaa na habari hiyo moyoni, sikuwaandikia nyumbani.

Kambi ya kwanza iko juu zaidi, zaidi ya mita 3,000, na usiku ule maji ya chupa yalikuwa na barafu nyembamba mdomoni. Hema letu lilikuwa na watu saba kutoka nchi sita. Kijana mmoja mwenye miguu ya swala, aliyetoka mji wa pwani siku tatu kabla, alitapika hadi alfajiri. Nilimwambia kile ambacho waongozaji wetu huwaambia wageni tangu langoni: kunywa kidogo kidogo, kula hata kama hutaki, na pole pole. Aliniomba nirudie hilo la mwisho, akalisema siku zote zilizofuata kila aliponipita, jambo lililonichekesha kwa kuwa alilisema akikimbia.

Hatua ya kwanza sina la kusema juu yake zaidi ya kwamba niliimaliza. Ya pili ilituingiza kwenye korongo ambalo mto hupita katikati yake, ukiwa na maji ya theluji iliyoyeyuka, na njia yetu ilikuwa mto wenyewe. Bendera ndogo za waridi, ambazo ndizo ramani pekee ya mshiriki, zilikuwa zimechomekwa mara ng'ambo hii, mara ile. Tulivuka mpaka nikaacha kuhesabu. Viatu vilijaa maji, maji yakabeba mchanga, na mchanga ukafanya kazi ya msasa kwa saa sita. Ndipo mkanda wa kushoto wa begi ulipoachia. Fundi aliyeuimarisha kule nyumbani alishona vizuri, ila mimi ndiye niliyemletea uzi wa pamba badala ya nailoni, nikidhani uzi ni uzi. Niliuvuta ule mkanda mbele, nikaushika kwa mkono kilomita 14 zilizobaki, na jioni niliushona kwa sindano ya malengelenge na uzi wa kusafishia meno.

Sindano hiyo ilikuwa chombo changu cha thamani kuliko vyote, na ilikuwa na uzito wa ukucha. Kila jioni, kabla ya kula, hema zima huketi nyayo juu. Unaosha mguu kwa maji machache ya kunywa uliyoyabakiza, unaukausha kabisa, unapaka dawa, unatoboa lengelenge kwa ubavuni karibu na nyama nzima, wala usitoboe katikati, unalikamua taratibu kwa kitambaa safi, unaiacha ngozi palepale kama kifuniko, kisha unabandika plasta yenye pembe zilizokatwa mviringo ili soksi isizinyanyue. Mtu hujifunza miguu ya wenzake kabla ya majina yao. Jirani yangu, mwanamke mtu mzima aliyekuwa mhasibu huko kwao, aliishiwa plasta siku ya tatu, na kanuni hazimkatazi mshiriki kumsaidia mwenzake. Nilimpa robo ya roli yangu. Kesho yake aliniachia juu ya begi vidonge sita vya chumvi. Hakuna aliyesema lolote.

Nifike kwenye chumvi, kwa kuwa ndiyo hatua iliyonibadilishia mwendo. Salar de Atacama ni bonde la chumvi lenye ukubwa wa takribani kilomita za mraba 3,000, na aliyeliona kwa picha hudhani ni uwanja laini na mweupe. Sehemu tuliyopita ni ukoko. Sina neno bora. Chukua ukoko wa wali ulioungua chini ya sufuria, uugande, uuvunjevunje, uusimamishe vipande vyake kwa makali, kisha uutandaze mpaka upeo wa macho. Kila hatua ni kamari: mara ukoko unabeba, mara unavunjika na mguu unazama hadi kifundo ndani ya tope baridi lenye chumvi, na unapoutoa, makali yanakwangua muundi. Hakuna kukimbia. Wale wenye mbio walikasirika. Mimi, kwa aibu kidogo, nilifurahi, kwa sababu nilijua namna ya kutembea hapo. Ni mwendo wa wagumu wakishuka kokoto za mlimani: magoti yamelegea, unyayo unashuka wote kwa pamoja, macho yako hatua tatu mbele, na begi limebanwa juu lisiyumbe. Siku ile nilipita watu 19. Niliwahesabu, maana nilijua hainijii tena.

Midomo ilipasuka vibaya. Mwinuko, ukavu na mawingu yasiyokuwepo hulifanya jua la Atacama kuwa miongoni mwa yenye mionzi mikali zaidi duniani, na yule aliyeniambia kwamba ngozi nyeusi haiungui hajawahi kupita kwenye chumvi inayorudisha jua usoni kutoka chini. Nilijifunika kanga hadi machoni. Kanga hiyo ilikuwa gramu 180 za ubishi: kila mtu aliyeangalia vifaa vyangu alisema niiache. Ilikuwa kilemba, taulo, pazia la kubadilishia nguo, na usiku ikawa mto wa kulalia.

Chini ya ukoko ule kuna maji ya chumvi yenye lithiamu, ambayo makampuni huyavuta na kuyaanika kwenye madimbwi makubwa mpaka madini yabaki. Betri za taa yangu zilikuwa za lithiamu. Nilikuwa nimeyabeba matunda ya bonde lile mgongoni nikilivuka, na nikiwa nimekwishaamini kwamba kila kilichomo begini ni changu.

Maji matamu ndiyo yaliyonivunjia hesabu kabisa. Kila kituo kulikuwa na madumu yaliyoletwa kwa gari, na vijana wa kujitolea wakatujazia chupa kwa uangalifu, bila kumwaga tone. Lita moja ni kilo moja. Katika siku saba nilikunywa na kujimwagia zaidi ya lita 50, kilo ambazo hazikuingia kwenye mizani ya mtu yeyote kati yetu. Wenyeji wa eneo lile ni Walickanantay, ambao wamelima kwenye oasisi na bustani chache za jangwa hilo kwa karne nyingi, na kabla ya mbio nilipotembea pembeni mwa San Pedro nilisimama ghafla mbele ya kitu nilichokijua: mfereji mwembamba wa udongo, maji yakikimbia ndani yake kimya, na lango dogo la kuyageuzia shambani. Ni mfongo. Kule kwetu mteremkoni wazee waligawana maji ya mifongo kwa zamu, na aliyefungulia zamu ya mwenzake alijibu mbele ya baraza. Kule nako maji huenda kwa zamu na kwa saa. Mzee mmoja aliyekuwa akisafisha mfereji kwa jembe la mkono mrefu aliniona nikitazama, akaniashiria nisogee. Hatukuwa na lugha ya pamoja. Alinionyesha kwa kidole maji yanakotoka, kisha yanakokwenda, na mimi nikaitikia kwa kichwa, na hayo yakawa mazungumzo yetu.

Hatua ndefu ilianza saa mbili asubuhi. Mchana niliutumia kwa hasira ndogo ndogo: kokoto, kishikizo kilichokuwa kikinikwaruza bega, harufu yangu mwenyewe. Giza lilipoingia baridi ilikuja mara moja, kama mlango wa friji uliofunguliwa, nikavaa nguo zote nilizokuwa nazo na kuanza kula mafuta ya nazi. Mafuta hayo huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24, kwa hiyo usiku ule yalikuwa mshumaa. Niliyakwangua kwa kijiko, nikayatia mdomoni na kipande cha kashata, nikasubiri yayeyuke. Ladha yake ilikuwa Pangani kwa shangazi. Nilitembea kilomita nyingi na bwana mmoja kutoka Korea ambaye hatukuwa na neno la pamoja zaidi ya "sawa", nililomfundisha. Yeye alitangulia kutafuta bendera, mimi nikashika mwendo.

Karibu saa sita za usiku, upande wa kaskazini mashariki juu ya mgongo wa Andes, Kilimia kilichomoza. Niliizima taa yangu nisiyoihitaji, nikasimama. Anga la huko ni kavu na tulivu kiasi kwamba dunia imejenga hapo darubini ya redio ya ALMA, antena 66 kwenye uwanda wa Chajnantor ulioko mita 5,000 juu, na hata kwa macho matupu nyota zinafika chini mpaka zinaguswa na mawe. Wahenga wetu walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kule kilizuka, na hapakuwa na mvua ya kutangaza wala mkulima wa kutangaziwa, ila kile kikundi cha nyota kilikuwa kilekile ambacho bibi alinionyesha nikiwa mgongoni kwake. Bwana wa Korea naye alizima taa. Akaelekeza kidole kwenye Kilimia, akataja jina la kwao. Nikataja la kwetu. "Sawa," akasema, tukaendelea.

Tulifika kambini saa kumi alfajiri. Siku ya saba mchana niliingia uwanja wa San Pedro, mbele ya kanisa jeupe la udongo, nikala pizza vipande vitano bila kusemezana na mtu. Kisha nilikwenda kwa muuza matunda nikamwomba kwa ishara mizani yake. Begi lilisoma kilo 4.2, na nilipokung'uta mchanga likasoma 3.9.

Baba mkubwa aliniuliza maswali mawili tu niliporudi: kama nililipwa hatimaye, na kama shingo inauma. Shingo haikuuma, kwa sababu begi langu lilikuwa na mikanda ya kiuno iliyotengenezwa kuhamishia uzito nyongani, jambo ambalo gunia la kichwani halijui.

Wiki mbili baadaye tulikuwa na safari ya siku saba, wageni sita. Alfajiri kijana mmoja mgumu, mpya, alining'iniza gunia lake na mshale ukasimama 20 na kitu.

"Kilo 20 na gramu 300," nikasema.

"Dada, mia tatu tu hizo."

Nilifungua gunia, nikatoa nyanya tatu.